Herufi Ndogo Katikati ya Wakubwa

Ndugu msomaji, sisi vijana tunaojifunza kuandika tuna ugonjwa mmoja: tunapenda mambo makubwa. Ukikaa kijiweni na wenzako watatu wenye daftari za riwaya, utasikia habari za maudhui, falsafa, ukombozi wa jamii, usaliti, mapenzi na mauti. Sijawahi kumsikia hata mmoja akizungumzia herufi. Herufi tunaziona kama hewa, zipo tu, tunazivuta na kuzitoa. Mimi leo nataka nizungumze juu ya herufi mbili, ĩ na ũ, na namna zilivyotaka kumnyang'anya bibi mmoja wa hapa Bigwa haki yake. Usicheke. Mambo yenyewe ni ya kweli, na mwisho wake yanatuhusu sisi waandishi kuliko yanavyowahusu mafundi wa kompyuta.

Kwanza tukubaliane kwamba Kiswahili chetu kimebahatika. Tangu Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilipoundwa mwaka 1930 ili kusanifisha maandishi yetu, tumekuwa tukiandika kwa herufi tupu zisizo na pembe wala mikia. Irabu zetu ni tano, a, e, i, o, u, na herufi za Kilatini zinatutosha. Pale zilipopungua tuliongeza kijialama kimoja tu, kile cha ng', cha ng'ombe na ng'ambo. Kwa hiyo Mswahili akikaa mbele ya kompyuta hapati shida. Anachapa, anabonyeza, kazi imekwisha. Ndiyo maana wengi wetu hatujui kwamba kuna watu ambao majina yao yanaumwa kila yanapoingia kwenye mashine.

Wakikuyu ni miongoni mwao. Lugha yao ina irabu saba. Hizo mbili za ziada wanaziandika kwa kuweka kiwimbi juu: ĩ inayotamkwa karibu na e yetu, na ũ inayotamkwa karibu na o yetu. Jina la yule mzee wa fasihi aliyezaliwa karibu na Limuru mwaka 1938 na kufariki Marekani tarehe 28 Mei 2025, sisi Watanzania tunalisoma "Ngugi", kama lilivyoandikwa kwenye vitabu vingi tulivyoazimana shuleni. Mwenyewe alijiandika Ngũgĩ wa Thiong'o, na kwa masikio yetu jina hilo linakaribia "Ngoge". Viwimbi vile viwili si mapambo. Ukiviondoa umebadilisha sauti, na ukibadilisha sauti umemwita mtu mwingine.

Sasa niwaeleze habari za Bibi. Jina lake sitaliandika hapa, ni mali yake, lakini lina kiwimbi, tena si kimoja. Yeye ni Mkikuyu. Marehemu mume wake alikuwa Mluguru wa hapa hapa Bigwa, aliyekuwa akifanya kazi Nairobi katika lile Shirika la Reli la Afrika Mashariki. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 na mpaka ukafungwa, mzee alirudi kwao na mke wake na sanduku moja la bati. Mpaka ulikuja kufunguliwa mwaka 1983, lakini Bibi alikuwa ameshazaa, ameshalima, ameshajua matusi yote ya watani zake wa Kiluguru na namna ya kuyajibu. Akabaki. Leo anauza ndizi na mananasi yanayoshuka kutoka Kinole, pale karibu na barabara inayokwenda Matombo na Kisaki, na kila kijana wa mtaani anamwamkia.

Mimi nafanya kazi kwenye kibanda cha steshenari. Nilimaliza kidato cha nne, matokeo yakawa kama yalivyokuwa, na tangu hapo natoa fotokopi, nachapa barua za maombi ya kazi na kadi za michango ya harusi. Usiku mteja akiisha naandika riwaya yangu kwenye ile ile kompyuta ya kibanda. Tajiri wangu anajua, ila anasema nisimmalizie karatasi.

Bibi ni mwanachama wa kikundi kimoja cha kuweka na kukopa. Desemba 2024, wakati wa mgao, kikundi kilikuwa kimeshaacha daftari kikaingia kwenye kompyuta. Kijana mmoja fundi aliwatengenezea programu nzuri tu. Majina ya wanachama yakaingizwa, hisa zikaingizwa, na siku ya mgao mweka hazina akaja na orodha yake aliyoichapa kwa herufi kubwa tupu. Orodha ikalinganishwa na programu. Watu wakaitwa, wakahesabiwa, wakaweka dole gumba. Bibi akakaa mpaka jua likaingia nyuma ya mlima. Alipouliza aliambiwa, "Bibi, jina lako halimo kwenye mfumo."

Jamani, neno hilo "halimo" ni zito kuliko wanavyodhani wanaolitamka. Watu walianza kunong'ona, na mmoja akasema kwa sauti kwamba labda ni kwa sababu ya uraia, siku hizi mambo ya wageni yamekuwa makali. Bibi alikuja kibandani kwangu jioni ile akiwa na kitabu chake cha hisa mkononi, cha zamani, chenye mihuri yote.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Nitolee kopi ya hiki kitabu, kurasa zote." Halafu akasema polepole, kama anayezungumza na kile kitabu, "Nimezika mume hapa. Nimezaa hapa. Leo mashine ndiyo inaniambia mimi si wa hapa."

Zile fedha zilikuwa laki tatu kasoro kidogo. Kwa mwenye duka ni hesabu ya wiki. Kwa muuza ndizi ni bati za kuezekea chumba kinachovuja, tena mvua za Uluguru unazijua, haziombi ruhusa. Lakini niliona wazi kwamba kilichomuuma siku ile hakikuwa bati.

Kesho yake mweka hazina alileta kazi ya kuchapisha karatasi za programu. Nilizipitisha kwenye printa moja moja, na macho yangu ya mwandishi, ambayo mpaka leo hayajaniletea hata senti, yakakwama kwenye mstari mmoja. Majina yote yalikuwa kwa herufi kubwa. Jina la Bibi lilikuwamo! Lakini ndani yake, katikati ya herufi kubwa zilizosimama wima, kulikuwa na herufi ndogo yenye kiwimbi, imejikunyata kama mtoto aliyeingia kwenye kikao cha wazee. Nikupe mfano kwa jina la mzee wetu. Badala ya NGŨGĨ, programu ilikuwa imeandika NGũGĩ. Na orodha ya mweka hazina, iliyochapwa kwenye programu nyingine, ilikuwa na NGŨGĨ kamili. Kwa jicho la binadamu hilo ni jina moja. Kwa kompyuta ni majina mawili tofauti, kama Juma na Jumaa. Mashine ilimtafuta huyu ikamkuta yule, ikasema hayupo.

Nilimwita yule fundi. Ni kijana muungwana, hakukasirika. Tulikaa pale kibandani, chai ya rangi na maandazi, akanifundisha mambo ambayo nayaleta kwako kama nilivyoyaelewa, na mengine nimeyahakiki mwenyewe.

Kompyuta haijui herufi, inajua namba. Wamarekani walipotengeneza ule utaratibu wao wa herufi uitwao ASCII, toleo la kwanza mwaka 1963, waliweka nafasi 128 tu. A kubwa ikawa namba 65, na herufi ndogo zilipopangiwa nafasi zake a ikawa 97. Hesabu hiyo ina utamu wake: kila herufi ndogo inazidi kubwa yake kwa 32. Ukitaka kugeuza ndogo kuwa kubwa, toa 32, basi. Hakuna kufikiri. Lakini ĩ na ũ hazikuwamo katika zile 128. Hata ule utaratibu uliokuja baadaye kwa ajili ya Ulaya Magharibi, wenye ñ ya Wahispania na õ ya Wareno, haukuwa na ĩ wala ũ. Zilikuja kupata makao ya uhakika katika Yunikodi, utaratibu unaokusudia kuipa kila herufi ya dunia namba yake. Humo ũ ni namba 361 na Ũ ni 360. Angalia: tofauti yake ni moja, siyo 32. Mashine inayojua ile kanuni ya 32 peke yake ikifika kwenye ũ inasimama, inasema hii siijui, inaiacha kama ilivyo.

"Lakini kompyuta ya siku hizi si inajua Yunikodi?" nikamuuliza.

"Inaweza kuhifadhi," akasema. "Kuhifadhi ni kitu kimoja, kuelewa ni kitu kingine."

Hapo ndipo nilipojua kuhusu mpangilio wa lugha na mahali. Hifadhidata, yaani lile daftari kubwa la kompyuta linaloweka majina na hesabu, huwa inaambiwa siku inapoundwa kwamba ifuate desturi za lugha gani: herufi ipi ni kubwa ya ipi, jina lipi litangulie lipi katika mpangilio. Yeye alitumia PostgreSQL, ambayo ni ya bure na inatumika duniani kote. Usipoiambia kitu, inachukua mpangilio wa kompyuta iliyowekwa juu yake. Na kompyuta ile ilikuwa na mpangilio uitwao C, ambao ni ule wa zamani, wa zile herufi 128. Hivyo hifadhidata ilihifadhi ĩ vizuri kabisa, ikaionyesha vizuri kabisa, lakini ilipoamriwa kukuza herufi ilifanya kazi kwa A mpaka Z tu. SQLite, ile hifadhidata ndogo iliyomo ndani ya simu nyingi, nayo ni hivyo hivyo ikiwa haijaongezewa kitu: inakuza herufi za ASCII pekee.

Tuliiamuru pia iandike jina lote la mzee wetu kwa kuanza kila neno na herufi kubwa. Ikaleta NgũGĩ Wa Thiong'O. Tulicheka mpaka chai ikamwagika. Kumbe kwa mpangilio ule ũ haihesabiwi hata kuwa herufi, mashine inaiona kama ukuta, kwa hiyo g inayofuata inadhaniwa kuanza neno jipya. Ile O ya mwisho nayo imekuzwa kwa sababu ya king'ong'o chetu cha ng'. Na hapo, msomaji, kicheko kiligeuka, maana ugonjwa huo wa pili ni wetu sote. Andika ng'ombe kwa mpangilio ule, iamuru ianze kwa herufi kubwa, utapata Ng'Ombe. Ndugu zetu Wasukuma wenye majina ya Ng'w wanajua ninachosema.

Usidhani pia kwamba kuna jibu moja la dunia nzima. Sisi wa Morogoro tumeishi na Waturuki kwa miaka, tangu Yapı Merkezi walipopata kazi ya reli ya kisasa mwaka 2017, pamoja na Mota-Engil ya Ureno kwa kipande cha Dar es Salaam mpaka hapa. Treni za abiria za kipande hicho zilianza tarehe 14 Juni 2024. Tazama vizuri hilo neno Yapı. Ile i ya mwisho haina nukta, na siyo kosa la mchapaji. Tangu Waturuki walipochukua herufi za Kilatini mwaka 1928, wana i mbili, yenye nukta na isiyo na nukta, na kila moja ina kubwa yake. Isiyo na nukta inakuwa I, yenye nukta inakuwa İ. Kwa hiyo jina la kampuni hiyo kwa herufi kubwa ni YAPI MERKEZİ. Hifadhidata yenye mpangilio wa Kituruki ukiiambia ikuze "mikumi" inaweza kukuletea MİKUMİ, na kwa Mturuki hiyo ni sahihi. Wajerumani nao wana ß ambayo kwa desturi ikikuzwa huwa SS, herufi moja inazaa mbili, na ß kubwa ilipokelewa rasmi katika maandishi yao mwaka 2017 tu. Na hapa nyumbani, baadhi ya lugha za Mbeya zenye irabu saba huandikwa kwa ɨ na ʉ, za kukatwa kwa mstari. Ʉ kubwa iliingizwa kwenye Yunikodi mwaka 2006. Kabla ya hapo ʉ ndogo ilikuwamo, kubwa yake haimo. Fikiria lugha ambayo mtu hawezi kuanza nayo sentensi.

Basi turudi kwa Bibi. Mweka hazina alipoelezwa alifurahi, akatoa dawa ya haraka: "Tufute hivyo viwimbi, tuandike jina kawaida, yaishe leo." Nasema kweli, niliona ni wazo la maana. Mtu anasubiri fedha zake. Tukamfuata Bibi gengeni. Akatusikiliza huku anapanga ndizi, akauliza jina lingeandikwaje. Mweka hazina akamwandikia nyuma ya risiti. Bibi akalisoma kwa sauti, herufi kwa herufi, kama lilivyoandikwa. Likatoka jina geni kabisa.

"Huyo ni nani?" akauliza.

Hakuna aliyejibu.

"Mama yangu hakumzaa huyo. Fedha nitasubiri. Mmenisubirisha wiki, nisubirisheni nyingine."

Ndugu msomaji, mimi nina mhusika katika riwaya yangu ambaye nimembadilisha jina mara nne kwa sababu halikukaa vizuri kwenye sentensi. Siku ile nilielewa tofauti ya mhusika na mtu. Mhusika unamwita utakavyo. Mtu ana jina kabla hujamkuta.

Fundi alifanya kazi usiku mbili. Mpangilio wa kukuza herufi ukishawekwa wakati hifadhidata inaundwa haubadilishwi juu kwa juu. Inabidi uunde nyingine mpya yenye mpangilio unaotakiwa, kisha umimine humo kila kilichokuwa katika ile ya zamani. Upo mpangilio wa Kiswahili cha Tanzania uitwao sw_TZ na wa Kenya uitwao sw_KE, na ukiuchagua ule wa Yunikodi, ũ inakuwa Ũ bila kelele. Toleo la 17 la PostgreSQL lililotoka Septemba 2024 limekuja pia na mpangilio wake wa ndani, C.UTF-8, unaojua kukuza herufi hizi bila kutegemea kompyuta imepangwaje.

Alikutana na mtego mwingine pia. Jina la mwanachama mmoja lilionekana sawa kabisa pande zote mbili na bado likakataa kulingana. Kumbe ũ inaweza kuandikwa kwa njia mbili: kama herufi moja namba 361, au kama u ya kawaida ikifuatiwa na kiwimbi pekee chenye namba 771 kinachopanda juu yake. Kwa jicho ni kitu kimoja, kwa mashine ni vitu viwili. Ajabu yake, hii ya pili hata ule mpangilio wa zamani unaikuza, kwa kuwa u yake ni u ya kawaida. Dawa yake ni kuyaweka majina yote katika umbo moja kabla ya kulinganisha.

Mwisho alifanya jambo ambalo mimi naliona la hekima. Aliweka nafasi mbili kwa kila jina. Moja ni jina kama mwenyewe anavyoliandika, na hilo ndilo linalochapwa kwenye risiti. Ya pili ni ya kutafutia tu, isiyo na viwimbi, ili karani asiye na herufi hizo kwenye kibao chake aweze kumpata mtu. Na malipo hayafuati jina tena, yanafuata namba ya uanachama. Bibi alilipwa, bati zikanunuliwa. Yule aliyesema habari za uraia hajawahi kuomba radhi, ila siku hizi ananunua ndizi pale pale na habishani bei.

Wapo watakaoniambia kwamba haya ni ya Wakenya, sisi yanatuhusu nini. Nawajibu kwamba mzee Ngũgĩ aliposwekwa gerezani Kamiti kuanzia Desemba 1977 mpaka Desemba 1978, aliandika riwaya nzima kwa Kikuyu kwenye karatasi za chooni, Caitaani Mũtharaba-inĩ, iliyochapwa mwaka 1980. Mtu aliyenyimwa karatasi hakuacha viwimbi vyake. Sisi wenye kompyuta, tena za kuazima usiku kwenye steshenari, tutasema viwimbi ni usumbufu?

Nawaomba wenzangu mnaotuma hadithi zenu kwa wachapaji mfanye jaribio dogo. Kama mhusika wenu ni Mkikuyu, Mturuki au Mnyakyusa, andikeni jina lake, kisha ligeuzeni kwa herufi kubwa, kama litakavyokaa kwenye kichwa cha sura. Litazameni. Kama kuna herufi imebaki ndogo katikati ya wakubwa, isahihisheni kwa mkono kabla kazi haijatoka, na mkiweza mwambieni na fundi, kwa sababu mahali pengine penye programu ile ile pana bibi anasubiri kuitwa.